FJ Cruiser ya 2011 inauzwa Mwanga: itaiweza njia ya Kalya?

"Shikamoo fundi. Nanunua mawese vijijini, kuanzia Simbo na Ilagala hadi Kalya, na nimechoka kukodi magari ya watu. Kuna mtu Mwanga, hapa Kigoma, anauza Toyota FJ Cruiser ya mwaka 2011, ya njano yenye paa jeupe, petroli, injini ya lita 4, gia otomatiki, kilomita 98,000. Anataka milioni 58, maongezi yapo. Kusema kweli nimeipenda kwa sababu inafanana na Land Cruiser ya zamani aliyokuwa akiendesha marehemu baba. Mafundi wawili wamenichanganya: mmoja anasema hiyo ni Prado iliyobadilishwa nguo tu, mwingine anasema nisiiguse, spea hakuna. Niangalie nini kabla sijatoa hela?" (Msomaji, Ujiji)

Marahaba dada yangu, na pole kwa kumpoteza mzee.

Mafundi wako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amekupa nusu ya jibu. Mitambo ya FJ Cruiser ni ya ukoo mmoja na Prado. Bodi yake ni ya peke yake. Ukilishika hilo, utajua ni kasoro gani ya kushushia bei na ni kasoro gani ya kukurudisha Ujiji na hela zako mfukoni.

Toyota walionyesha mfano wa gari hili kwenye maonyesho ya magari ya Detroit mwaka 2003, na mwaka 2006 likaanza kuuzwa Marekani. Sura waliichukua kwenye Land Cruiser FJ40, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, na kwa maelezo yako huenda ndiyo aliyoendesha baba: taa mbili za mviringo, neno TOYOTA limeandikwa lote kwenye grili, kioo cha mbele kimesimama karibu wima, paa jeupe. Kufanana kunaishia hapo. FJ40 ilikaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa, mbele na nyuma, na ekseli nzima pande zote mbili. FJ Cruiser ina springi za koili kote, mbele kila gurudumu linajitegemea, ekseli nzima iko nyuma tu. Chesisi na miguu yake vina undugu na Prado 120 na Hilux Surf ya wakati uleule. Injini ni 1GR-FE, V6 ya sentimita za ujazo 3,956, ileile iliyofungwa kwenye Prado za petroli za lita 4.

Kwa hiyo spea za injini, gia boksi, breki, bushi na shokapu utazipata Gerezani, Dar es Salaam, hata pale ambapo muuza duka hajui jina la FJ. Mwambie ni ya Prado yenye 1GR, mpe na namba ya fremu aoanishe, mzigo unapanda basi unakuja. Taa, grili, kioo cha mbele, milango, bampa na plastiki nyeusi za kwenye mapaja ya matairi ni habari nyingine. Hivyo ni vya FJ tu, na mara nyingi huagizwa Dubai au Japani. Gari lenye rejeta mbovu tunaweza kulitengeneza hapa Kigoma. Gari lililogongwa ubavuni na kunyooshwa kwa nyundo na puti litakutesa miaka.

Tuanze na karatasi, maana sisi wa Kigoma tunapakana na Burundi, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na magari huvuka. Hukuniambia usukani uko upande gani. Japani walianza kuiuza FJ mwishoni mwa 2010 na wakaacha Januari 2018, kwa hiyo ya 2011 yenye usukani kulia kwa kawaida imetoka huko, na namba yake ya fremu huanza na GSJ15. Yenye usukani kushoto ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, Uarabuni au nchi nyingine zinazoendesha upande wa kulia wa barabara, na ile ya Marekani na Uarabuni hubeba namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Usukani kushoto si kosa peke yake, ila hapo usiridhike na kadi ya gari. Omba nyaraka za forodha zinazoonyesha gari liliingiaje nchini na ushuru ulilipwa lini. Akisema zimepotea, mwambie akazitafute, wewe utasubiri.

Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chesisi. Chukua tochi na brashi ya waya, tazama eneo la gurudumu la mbele la kulia, safisha tope usome kwa macho yako. Kisha linganisha na kibati cha kwenye bodi na kadi, herufi kwa herufi. Namba iliyokwaruzwa, iliyochomelewa pembeni au iliyokaa kwenye kipande cha chuma chenye rangi tofauti na chuma jirani inamaliza mazungumzo. Mambo ya faini za trafiki ni mepesi: ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni, kama kuna deni alilipe yeye kabla ya mauziano.

Sasa lala chini, au bora zaidi, lipeleke gari gereji yenye shimo. Muuzaji akikataa gari lisiingie kwenye shimo, umeshapata jibu bila kutumia senti.

Gari hili kuanzia juu lina tabia moja ya kudanganya: halichakai haraka machoni. Viti vyake vina kitambaa kisichonyonya maji, sakafu ni ya kufutwa kwa tambara, dashibodi ni plastiki ngumu. Gari lililofanya kazi ngumu miaka kumi linaweza kuoshwa asubuhi moja likaonekana la mwaka jana. Ukweli uko uvunguni. Chesisi ni vyuma viwili virefu vyenye uwazi ndani, na tope huingia kwenye matundu yake likakaa humo. Kama gari liliishi Hokkaido au Niigata, ambako theluji huanguka kila mwaka na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, kutu ilianza kabla halijapanda meli. Na hata hapa kwetu uliza limefanya kazi gani. Gari lililosomba chumvi ya Uvinza, au migebuka na dagaa wabichi huku maji ya samaki yakichuruzika sakafuni, linaliwa kuanzia ndani.

Pitisha tochi kuanzia katikati ya gari kwenda nyuma. Mahali pa kukaa sana ni juu ya ekseli ya nyuma, pale chesisi inapopanda na kushuka, kwenye vikalio vya springi na kwenye mabano yanayoshika mikono ya ekseli. Gonga na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo inaruka. Kilicholiwa hujibu kwa sauti nzito, na maganda ya kahawia yanakudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Kutu ya juujuu, ya rangi ya chungwa, inayofutika kwa brashi, ni ya kawaida kwa umri huu. Ile inayotoka kwa matabaka kama chapati za maji usiinunue hata ukipunguziwa milioni kumi, kwa sababu chesisi iliyochomelewa viraka haitaaminika tena ukiwa na mzigo kwenye mashimo ya Herembe. Uvungu mzima uliopakwa rangi nyeusi wiki iliyopita nao uogope. Kwaruza kwa bisibisi mahali pasipoonekana uone kilichofichwa.

Ukiwa bado chini, tazama rejeta. Hapa nataka usikilize vizuri kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndipo FJ na ndugu zake wenye 1GR hupoteza gia boksi nzima.

Oili ya gia boksi otomatiki hupoozwa ndani ya tangi la rejeta. Maji yanapita upande mmoja, oili inapita kwenye bomba lililozama humohumo, zimetenganishwa na ukuta mwembamba wa chuma. Rejeta ikizeeka, ukuta huo au viungio vyake vinapasuka, na maji yanaingia kwenye gia boksi. Mchanganyiko unaotokea ni wa rangi ya waridi, mzito, unafanana na maziwa yaliyotiwa sharubati. Ukishauona, gia boksi imeshakunywa maji, na sahani zake za msuguano huanza kubanduka gundi. Watu husukutua kwa oili mpya, gari linatembea, linauzwa haraka, na mnunuzi analikuta tatizo miezi michache baadaye.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Maji yawe safi, mekundu au ya waridi ang'avu kama ni koolanti ya Toyota, bila mafuta yanayoelea na bila ute. Chovya kidole, kisugue na kidole gumba: kikiteleza kama umeshika mawese, acha. Tazama pia kopo la akiba la maji na upande wa ndani wa kifuniko chake, maana mtu anayesafisha rejeta mara nyingi husahau kopo. Chini, pale mabomba mawili ya chuma ya oili yanapoingia kwenye rejeta, pasiwe na ukoko wa waridi. Kuhusu gia boksi yenyewe, usipoteze muda kutafuta kijiti cha kupimia chini ya boneti, hakipo. Gia boksi hii ya mwendo 5 hupimwa kwa kufungua nati maalumu chini, oili ikiwa na joto linalotakiwa. Mlipe fundi afungue, adondoshe oili kidogo kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu au ya kahawia iliyokolea bila harufu ya kuungua, tuendelee. Yenye rangi ya maziwa, mrudishie mtu funguo zake.

Rejeta ikiwa ya zamani lakini bado nzima, hiyo ni hoja ya bei. Andika pembeni: rejeta mpya, na oili ya gia boksi kubadilishwa.

Jambo la pili ambalo watu wa hapa hawalijui ni milango. FJ ina milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele ufunguliwe kwanza. Sasa mkanda wa kiti cha dereva na wa abiria wa mbele haukufungwa kwenye nguzo ya gari, kwa sababu nguzo haipo. Umefungwa kwenye huo mlango mdogo wa nyuma. Mwaka 2013 Toyota waliita magari haya karibu 310,000 duniani kote yarudishwe kutengenezwa, kwa sababu milango hiyo ikibamizwa kwa nguvu mara nyingi, bati linaloshika kifaa cha mkanda linaweza kupata nyufa na kifaa kikachomoka. Gari la 2011 liko ndani ya kundi hilo. Kama lilitoka Japani baada ya wito huo, huenda lilitengenezwa. Kama lilitoka kabla, au lilipitia nchi ya tatu, huna hakika. Na sisi tunajua jinsi abiria wetu wanavyofunga milango.

Vuta mkanda wa mbele wote hadi mwisho, uuachie, urudi bila kukwama. Uvute kwa ghafla, ukamate. Kisha mwombe fundi atoe plastiki ya ndani ya mlango wa nyuma, ni vibanio na skrubu chache, amulike pale boliti za kifaa cha mkanda zinapoingia. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kusema mlango huu unahitaji kuimarishwa kabla hujambeba mtu. Nakuomba usiliruke hili kwa sababu ya kuona haya mbele ya muuzaji. Ni mkanda wako wewe dereva.

Mlango wa nyuma wa mzigo hufunguka kwa ubavu na umebeba tairi la akiba. Ufungue nusu, uinue na kuushusha kwa mkono. Ukicheza, bawaba zimelegea, na vumbi la Ilagala litaingia kwenye mizigo yako kila safari.

Injini nitaipita kwa haraka zaidi, kwa sababu 1GR-FE ni injini ninayoiheshimu. Ina cheni ya taimingi, hakuna mkanda wa kubadilisha kila kilomita 100,000. Inavumilia. Sharti lake ni moja: sema na muuzaji asiliwashe gari siku hiyo mpaka ufike. Gusa boneti, iwe baridi. Washa wewe. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili kisha kimya, oili inapanda tu. Mkwaruzo unaoendelea upande wa mbele wa injini ni cheni au kikazia chake, na kazi hiyo haifanyiki chini ya mwembe. Tazama kwa mbele, kwenye maungio ya kifuniko cha cheni, kama oili inavuja. Unyevu kidogo na vumbi lililoganda unavumilika, oili inayodondoka hapana. Fungua nyumba ya chujio cha hewa, pangusa kwa kidole upande wa baada ya chujio. Ukipata vumbi jekundu hapo, injini imekuwa ikimeza udongo, na kilomita zilizoandikwa hazina maana tena. Kama gari limefungwa mkonga wa kuvutia hewa juu, angalia vizuri zaidi, maana mkonga uliofungwa bila kuzibwa vizuri ni mbaya kuliko kutokuwa nao.

Taa ya injini kwenye dashibodi iwake unapofungua swichi, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, mtu ameichomoa. Lipime kwa mashine hata kama taa imezimika, maana misimbo ya hitilafu za zamani huhifadhiwa, na mashine itakuonyesha pia kama kumbukumbu imefutwa asubuhi hiyo.

Chini ya boneti tazama bati za ndani za mapaja ya mbele, pembeni ya vichwa vya shokapu. FJ za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kuvimba na kupasuka hapo. Kwenye ya 2011 sitegemei kuona hivyo, kwa hiyo ukiona ufa au rangi iliyokunjamana, limepigishwa kwenye makorongo kwa kasi, au limebeba bampa zito la chuma na winchi kwa muda mrefu.

Safari ya majaribio ifanye kwa njia ninayokuelekeza, siyo mzunguko wa dakika tano pale Mwanga. Shuka hadi stesheni, ugeuze, upande Barabara ya Lumumba kurudi juu kwa mwendo wa polepole. Gia zibadilike bila kishindo na bila injini kunguruma huku gari likisita. Kisha chukua njia ya Mwandiga, endelea na lami ya kuelekea Manyovu mpaka uipate milima. Kiyoyozi kiwe kinafanya kazi. Sindano ya joto ikishafika mahali pake isimame hapohapo hata mlimani. Ikipanda kidogo tu, rudi.

Kwenye lami iliyonyooka, mwendo kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, zima redio na usikilize miguuni. Magari haya yana beringi ndogo ya sindano kwenye difu ya mbele inayolegea, ikaleta mvumo na mtetemo kwenye sakafu. Ili kuitambua, tafuta kipande kilichonyooka cha barabara ya vumbi, weka fowili ya juu (magurudumu yote manne yavute), rudia mwendo uleule. Mvumo ukiisha kwenye fowili na ukarudi ukiitoa, ni hiyo beringi. Si ugonjwa wa kuua gari, spea yake ipo na fundi mzuri ataibadilisha, ila ni kazi ya kushusha draivu shafti, kwa hiyo iingie kwenye hesabu. Usijaribu fowili kwenye lami kavu ukikata kona, utaumiza mitambo ambayo bado si yako.

Mkiwa hapo kwenye vumbi, simama kabisa, weka gia huru, ingiza fowili ndogo. Kijiti kigumu kupita kiasi maana yake hakijaguswa miaka. Kama kuna kitufe cha loki ya difu ya nyuma, kibonyeze. Kinafanya kazi kwenye fowili ndogo tu. Taa yake itamemeta, sogea mbele kidogo, itulie. Ikiendelea kumemeta bila kutulia, mota ya loki imeshika kutu au nyaya zimekatika, na mota hiyo ni ghali.

Kilomita 98,000 zinawezekana kwa gari la 2011 la Japani, lakini usiziamini bila ushahidi. Muulize kama anayo nakala ya cheti cha Kijapani cha kufutia usajili kabla ya kusafirishwa. Cheti hicho huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Ukikuta kimeandikwa 143,000, mazungumzo yanabadilika. Tazama kwenye fremu ya mlango wa dereva na chini ya boneti, wauzaji wengi husahau vibandiko vidogo vya Kijapani vya kubadilisha oili, vyenye tarehe na kilomita. Kwa kuwa viti na sakafu za FJ hazisemi ukweli, tazama raba ya pedali ya breki, vitufe vya vioo, na kioo cha mbele dhidi ya jua. Kilomita nyingi za barabarani huacha vidoti vingi vya mchanga kwenye kioo.

Matairi: saizi ya kiwandani ni 265/70 R17. Mara nyingi utakuta yamewekwa ya Prado, 265/65, yanaingia bila shida lakini gari linakuwa chini kidogo na kilomita zinasomeka zaidi ya ulizotembea. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zee lenye meno mazuri si tairi jipya.

Sasa swali lako lenyewe, kama gari hili linafaa kwa kazi yako. Nitakuambia ninavyoamini.

Kwa njia, linafaa sana. Liko juu, lina pua fupi, na kwenye mchanga na tope la kuelekea kivuko cha Ilagala na ng'ambo yake, Sigunga na Herembe, litakupitisha mahali ambapo magari mengi madogo yanageuka. Kwa mzigo, kuwa mwangalifu. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa karibu kilo 18. Madumu 20 ni kilo 360. Ongeza wewe, kijana wa kupakia na mzigo wa njiani, umeshafika kwenye mpaka wa gari lenye springi za koili, lililobuniwa kubeba watu na vifaa vya matembezi. Ukitaka kubeba madumu 40, hilo si gari lako. Tafuta Land Cruiser ya 70, ile watu wanayoiita mkonga, iliyoanza kutoka mwaka 1984, mwaka uleule FJ40 ilipostaafu. Kama urithi wa gari la baba uko mahali, uko kule: springi za bapa nyuma, dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 ambayo kila gereji kuanzia Kasulu hadi Uvinza inaifahamu. Lakini mkonga mzuri si rahisi kwa milioni 58, na mara nyingi ule wa bei hiyo umeshafanya kazi ya magari mawili.

Kwa mafuta, usijidanganye. Lita moja itakupa kilomita 7 hadi 8 kwenye lami ukiwa mtulivu, na 5 au 6 kwenye vumbi, mchanga na mzigo. Tangi ni lita 72. Kwa hesabu ya 5, tangi zima ni kilomita 360, na petroli ya uhakika kusini ya Ilagala utaibeba mwenyewe. Bei za mafuta za EWURA hubadilika kila mwezi na Kigoma tunalipa usafiri wa kutoka bandarini, kwa hiyo chukua bei ya leo, zidisha na safari zako za mwezi, halafu linganisha na unacholipa kukodi. Kama faida ya mawese haibebi hesabu hiyo, usinunue hata kama gari ni zima.

Nikiwa mahali pako, ningefanya hivi. Kama unakwenda kununua na kukagua, kuonana na wakulima, kubeba sampuli na madumu kumi na tano hivi, huku mzigo mkubwa ukija kwa boti au kwa Fuso, FJ nzima ni gari zuri na itakuvumilia miaka. Chesisi safi, rejeta na gia boksi bila maziwa, milango bila nyufa, karatasi kamili: hayo manne hayana maongezi. Mengine yote yaandike kwenye karatasi, piga simu Gerezani upate bei, jumlisha na ufundi, toa kwenye milioni 58. Ingia pia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika uone kuagiza la mwaka huo kungekugharimu kiasi gani leo. Kwa injini ya lita 4 na umri uliozidi miaka 10, ushuru pamoja na uchakavu ni mkubwa, na muuzaji anaijua namba hiyo. Afadhali na wewe uijue.

Mkikubaliana, mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, picha ya kitambulisho cha muuzaji iambatanishwe, jina lake lifanane na la kwenye kadi. Kama si jina lake, aliyeandikwa aje mwenyewe. Hela ipite benki, na uhamisho wa umiliki uanze TRA siku hiyohiyo.

Kabla ya safari ya kwanza ya Kalya, badilisha oili ya injini, ya difu zote mbili na ya transifa, weka rejeta mpya hata kama iliyopo haijapasuka, na umwambie fundi afunge kipooza oili cha gia boksi kinachojitegemea, ili oili isipite tena ndani ya maji. Kikae mbele ya rejeta, upande wa juu, mahali ambapo tope la Ilagala halitakiziba.